Mwaka Walipoacha Kuufagia Msitu

Nilikuwa bado mtoto wa kubebeshwa ndoo ndogo tu mama aliponipeleka vakansi, yaani likizo, kwa mara ya kwanza kwa bibi yangu, tuliyemwita Koko, milimani juu ya Uvira, kwenye njia ya Mulenge. Kwetu Songo, mtaa wa Uvira chini kando ya ziwa, tulizoea joto. Kule juu, asubuhi ya kwanza, niliona pumzi yangu ikitoka mdomoni kama moshi, nikalia nikidhani ninaungua ndani. Koko alicheka hadi akakaa chini.

Juu ya nyumba yake, mahali kijito kilipoanzia, palikuwa na msitu mdogo. Machifu wa zamani walizikwa mle, chini ya miti mikubwa ya mivumu, na hakuna aliyethubutu kutoa hata ukuni mkavu. Watu walisema moto ukifika pale unapiga magoti. Na kweli, kila kiangazi wenye mashamba na wenye ng'ombe walichoma nyasi, vilima vyote vikawa vyeusi, lakini msitu ulibaki vilevile.

Jambo ambalo watu hawakulitaja sana ni kwamba kabla ya mtu yeyote kuwasha moto, wanawake wazima walipanda na majembe na mafagio. Waliuzunguka msitu wote, wakiparua nyasi na majani makavu hadi udongo mwekundu uonekane, upana wa ng'ombe wawili kupita pamoja. Waliita kazi hiyo kufagia kiwanja cha wazee, na aliyewaongoza alikuwa Koko. Mimi alinivua viatu, akanipa fagio.

"Koko, na tukikosa kufagia?"

Hakusimama. "Tukikosa, moto itaingia. Moto ikiingia, maji itakosa mwenye kuishika. Itashuka kutafuta watu, kule kwenu chini."

Niliyaogopa sana maji hayo. Niliyawazia yana miguu, yanabisha hodi nyumba kwa nyumba.

Vakansi chache baadaye tulikuta pasta mpya. Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kumbeba shangazi yangu mgonjwa mgongoni hadi dispensari. Lakini alihubiri kwamba kufagia makaburi ni kuabudu wafu, na mwanamke atakayefagia hatakaribia Meza ya Bwana. Wanawake wakaacha majembe mmoja mmoja. Cha ajabu, hata walioacha kuwaheshimu wazee waliendelea kuamini kwamba moto unapiga magoti pale. Kazi waliitupa, imani wakabaki nayo.

Koko alipanda na mimi tu. Mgongo wake ulikuwa umechoka, tukafagia kipande cha chini peke yake. Huko tukamwona mjomba Byamungu, mwanawe, aliyekuwa shemasi, amekusanya takataka za shamba lake karibu kabisa na msitu, ameshika kiberiti.

"Byamungu, ngoja kwanza. Upande wa juu haujafagiwa."

"Mama, minye niko mukristo. Sifagie makaburi."

"Sikuambie uabudu. Nakuambia ulime nyasi tu."

"Moto haijapita pale hata siku moja. Si weye ulitufundisha?"

Koko aliegemea fagio, akamtazama akiwasha. Katika mambo yote ya siku ile, hilo ndilo ninaloliona wazi zaidi: uso wa mtu aliyefungwa kwa kamba aliyoisuka mwenyewe.

Mchana upepo ukageuka. Moto uliruka shamba, ukafika msituni, na haukupiga magoti. Haukuwaka kwa fujo pia. Uliingia chinichini juu ya majani makavu, urefu wa kifundo cha mguu, ukitambaa kati ya mashina kama unaotafuta kitu kilichoanguka. Kijiji kizima kilikuja kuupiga kwa matawi. Pasta alikuwa mbele, mjomba aliungua viganja. Jioni ukazimika.

Tukatazama juu: majani yote kijani. Watu walipiga vigelegele, wengine wakimshukuru Mungu, wengine wazee, na siku ile hakuna aliyegombana. Koko peke yake alizunguka akishika mashina.

"Imekufa," alisema.

"Koko, si iko kijani?"

"Miti bado haijasikia habari."

Mwaka uliofuata ilikuwa imesikia. Magome yalipasuka chini, majani yakapukutika, jua likafika mahali ambapo halikuwahi kufika. Nyasi zikafuata jua. Kiangazi hicho moto ulikuta nyasi ndani ya msitu na ukaingia umesimama wima, na hakuna aliyejaribu kuupiga. Miti iliyobaki watu waliikata kuchoma makaa, magunia yakashuka kuuzwa Uvira. Mjomba alikata pia. Alikuwa na watoto wa kulisha. Koko alikufa katika mvua zilizofuata, na kijito kikawa kinakauka kila kiangazi, kisha kikileta mawe kila masika.

Nimekua, nimezaa, ninaishi Songo hadi leo. Mchana mmoja wa masika maji yalishuka na tope na mawe makubwa kuliko meza. Mama alikuwa ndani ya nyumba yake. Tulimpata chini, karibu na ziwa.

Siwezi kuapa kwamba maji yale yalitoka kwenye bonde la Koko. Milima yote imeungua, kila bonde lina msitu wake ambao hauko tena. Watu wa mradi mmoja wa kupanda miti walileta miche, wakaipanda kwa mistari mizuri. Kiangazi kilekile iliungua. Miche mingine ikaletwa, nayo ikaungua. Sasa hawaji.

Kwenye matanga ya mama, mjomba Byamungu, mzee sasa, alivuta kiti karibu yangu.

"Furaha, wazee ndio walitukasirikia?"

"Hapana, mjomba. Ni nyasi tu hazikulimwa."

Aliinamisha kichwa, na baadaye nilielewa kwamba nilimnyima kitu. Alitaka niseme ndiyo. Wazee wakikasirika, mtu anaweza kupanda kule, akapiga magoti, akaomba msamaha, na huenda akasikilizwa. Lakini kwenye mlima wa mawe matupu, uende kumwomba nani?