Maua Manane ya Rangel

Rangel hakuwa shujaa, mtu asikudanganye. Alikuwa na mabega ya fahali na moyo wa kuku, na mwenyewe alilijua hilo tangu ujanani, alipokuwa akitapika chooni kabla ya kila pambano la mieleka. Mgodi wa makaa ya mawe ulipofungwa na mji mzima kubaki mikono mitupu, yeye alibaki na funguo za ukumbi wa mazoezi. Akaanza kuwakusanya vijana waliokuwa wakiiba nyaya za shaba mgodini, akawaburura kwa masikio hadi kwenye zulia la mieleka. Sheria ilikuwa moja: mwizi hakanyagi zulia. Wengi waliacha wizi, maana hapakuwa na mahali pengine penye joto, wala mtu mwingine wa kuwauliza wamekula nini.

Tabu ni kwamba kijana anayejua mieleka anatafutwa, na mtafutaji alikuwa Tsanko. Huyu na Rangel walikua pamoja, wakapigana mieleka pamoja, wakala maharage ya chungu kimoja jikoni kwa mama yake Tsanko. Sasa Tsanko aliwauzia wenye maduka kitu alichokiita bima: ukinunua, unalala, usiponunua, asubuhi unafagia vioo. Kazi hiyo inataka shingo nene, na jicho lake lilikuwa kwa Sabin, kijana wa miaka kumi na minane, bora kuliko wote pale ukumbini. Mara mbili alimtaka, na mara mbili Rangel akajiumauma. Mara ya tatu Tsanko hakuomba tena.

"Usijali, ndugu yangu," alisema. "Nitakuja siku ya jina lako. Tutaelewana."

Tangu hapo Rangel hakupata usingizi. Siku ya jina, sikukuu ya mtakatifu ambaye jina lake umepewa, haina mwaliko. Ukiitwa Rangel, siku ya Malaika Mkuu mlango wako hauna komeo. Ajaye amekuja, na atakula. Na malaika mwenyewe ndiye yule mchukua roho.

"Tuzime taa, tujifanye hatupo," alimnong'oneza mkewe, Nevena.

"Ujifiche siku ya jina lako? Majirani watasema umekufa."

"Bora waseme kuliko iwe kweli."

Nevena akamtwika sinia la pilipili hoho zilizojazwa wali. "Beba, mwanaume wee. Mikono ikitetemeka, ipe kazi."

Majirani wakaja, wakajaa. Sabin naye akaja na wenzake, nywele zimelowa maji, wakazishambulia zile pilipili kama waliotoka kifungoni. Kila mlango ulipogongwa, Rangel alimwaga rakia, ile pombe kali ya matunda, mezani.

"Kocha, leo unanywesha kitambaa," Sabin alimtania. "Au umeanza bila sisi?"

Watu wakacheka. Rangel naye akacheka, meno yakigongana.

Tsanko aliingia giza lilipoanza, na vibonge wawili nyuma yake. Akambusu Rangel mashavu yote mawili, akamtakia afya na miaka mingi, kisha akamkabidhi Nevena shada la maua mekundu. Nevena alishukuru, akatabasamu, na macho yake yakahesabu yenyewe kama macho ya mwanamke yeyote wa pale. Tabasamu likamkauka. Yalikuwa manane. Hata mtoto mdogo anajua: aliye hai hupewa witiri, shufwa ni ya maiti.

Macho ya meza nzima yakahamia kwa Rangel.

Sabin akasukuma kiti, akainuka. "Nakuja kukufanyia kazi, bosi. Nyumba hii iacheni."

Na hapa lisemwe lilivyo: kitu cha kwanza alichohisi Rangel kilikuwa nafuu. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, alijiambia. Mwache aende, wewe ulale. Kisha akamwona yule kijana akifuta vidole kwa kitambaa cha Nevena, taratibu, kwa adabu aliyofundishwa mezani pale pale, akaona aibu iliyomchoma kuliko hofu. Lakini hofu haikuondoka. Aliinuka nayo.

Akayachukua maua mikononi mwa mkewe.

"Tsanko, umekosea mlango." Sauti ilimtoka nyembamba. "Haya ni ya mama yako. Siku ya arobaini yake, maua niliyapeleka mimi. Nilikutafuta kwa macho pale makaburini. Sikukuona."

Kibonge mmoja akasogea. Tsanko akamzuia kwa mkono bila kumtazama. Uso ulikuwa umemvimba.

"Na kijana?" aliuliza chini chini.

"Kijana ana mazoezi kesho. Sabin, kaa."

Sabin akakaa. Tsanko akayapokea maua, akatoka bila kugusa glasi yake, na majirani wakaanza kukumbuka, mmoja baada ya mwingine, kwamba wana kazi nyumbani.

Asubuhi Rangel alipitia makaburini. Njia nzima aliomba ayakute yale maua, maana akiyakuta, basi Tsanko bado ni mtoto wa mtu, na yeye ataishi. Aliyakuta. Yalikuwa juu ya kaburi la yule mama, yamepangwa vizuri, hata udongo umefagiliwa. Akapiga ishara ya msalaba. Halafu akahesabu. Akahesabu tena, kwa kidole.

Sita.

Alikwenda ukumbini akigeuka nyuma kila hatua. Mawili yaliyobaki yalikuwa yamefungwa kwa uzi kwenye kitasa cha mlango. Akasimama pale, funguo mkononi.

"Vipi, kocha, mlango umekushinda?" Sabin alikuwa akija, mkoba begani. Kisha akayaona maua.

Rangel alitaka kumwambia arudi nyumbani. Badala yake akauelekeza ufunguo kwenye tundu, ukakosa. Akajaribu tena, ukakosa. Sabin akamshika kifundo cha mkono, akakishikilia mpaka ufunguo ukaingia.

"Viatu," alisema Rangel. "Vua viatu, tuanze."