Karafuu Ubaoni

Mjomba wangu Nyange alikuwa mchukuzi wa magunia ya karafuu hapa Wete tangu mimi sijazaliwa. Hulilaza gunia begani, akainama kidogo, akapanda ubao wa kupandia lori mbiombio, maana husema ukisimama katikati, ubao unakuchezesha ngoma.

Wachukuzi wana ada yao: karafuu zinazomwagika ubaoni ni haki ya wake zao, na hazifagiwi mpaka gunia la mwisho lipande. Anayeshika ufagio kabla ya hapo huitwa mwizi.

Siku moja, msimu wa mwaka 1960, skuli tumefungiwa tukachume karafuu, nilitumwa ghalani kumpelekea Mjomba muhogo wake. Nikaona magunia mawili yametoboka, na ubao umejaa karafuu kavu zinazobiringika kama changarawe. Nikamwuliza Jecha, mwenzake aliyekuwa juu ya lori akipokea, mbona hapafagiwi.

"We mtoto, unataka wake zetu watutoe roho?" Kisha akamgeukia Mjomba, aliyekwisha kuanza kupanda. "Yakhe! Leo unapanda kama bi harusi!"

"Na wewe ndiye kungwi wangu?"

Watu wakacheka. Mguu ukateleza. Mjomba akaanguka chali juu ya mawe, gunia likamfuata.

Walipomwondolea gunia, alikuwa macho.

"Jecha, ninyooshe miguu," akasema.

Miguu ilikuwa imenyooka.

Hospitali walimlaza. Dakta akasema tungoje uvimbe wa mgongo upungue, ndipo itajulikana kama atatembea tena. Basi kila asubuhi mkewe, Bi Masika, akawa anamfinya vidole vya miguu, kimoja kimoja.

"Hiki?"

"Bado."

"Na hiki?"

"Masika, nikisikia nitakwambia."

Mimi nilikuwa nikivihesabu vidole kimoyomoyo. Skuli tulisomeshwa kwamba mishipa ya fahamu ya miguu inapita ndani ya uti wa mgongo. Laiti nisingelijua.

Siku ya sita, Bi Masika alipofika kidole gumba cha mguu wa kulia, Mjomba alikunja uso.

"Hebu rudia."

Akafinya kwa kucha.

"Aa! Unanichuna, mwanamke we!"

Bi Masika akacheka huku analia, na kidole hakukiachia.

"Basi, nenda mguu wa kushoto," Mjomba akamwambia.

Hakwenda upesi. Alijifuta mikono kwa kanga, akapiga bismillahi, akafinya.

"Bado," Mjomba akasema. "Lakini usiuache. Finya tena."