Wimbo Wenye Ulituacha Wima

"Papa Apollinaire, juu ya nini huu wimbo haurudi nyumbani?"

Nilimuuliza hivyo ningali mudogo, tumesimama watoto wote mbele ya nyumba yake hapa Mantapala, kambi ya wakimbizi Zambia, miguu imechoka. Ni njia yake ya kufundisha: anapiga gitaa, nasi tunasimama muda wote wimbo unatembea. Ukifika mahali unaweza kupumzika, tunakaa chini. Pale tulipokaa ndipo penye do, noti ya nyumbani.

"Kila wimbo iko na nyumba," anasema. "Inaweza kuzunguka fasi yote, kila mahali, lakini iko na nyumba."

Akordi, noti zinazopigwa pamoja, ikiwa ya huzuni tunafunga macho, ikiwa ya furaha tunafungua. Mpaka leo nikisikia redio sokoni Nchelenge, magoti yangu yanajua kabla ya kichwa.

Ila wimbo mumoja ulituacha wima. Ulikuwa rock, aliutunga kule Kongo, Pweto, na rafiki yake Lévi. Akordi ni tatu tu, do, fa, sol, zinapigwa kwa nguvu kama fundi anagongea mutumbwi misumari. Melodi inapanda, inapanda, halafu inakwama kwenye noti ya si, mlangoni kabisa pa do. Chini yake gitaa linashika sol. Kisha kimya. Tunangoja. Wapi! Do haiji.

"Vicky, enda uteke maji," ndivyo Papa Apollinaire alivyonijibu siku ile nilipouliza.

Mama Rosalie, jirani yake, dada ya Lévi, alikuwa anachambua maharagi. Akacheka: "Apollinaire, ulibeba gitaa mpaka Zambia, mwisho ya wimbo ukasahau Pweto?"

Tulicheka wote. Yeye hakucheka.

Kuhusu kaka yake, Mama Rosalie alikuwa na maneno yaleyale kila mara: "Lévi alizoea kuchelewa. Kanisani anachelewa, kwa chakula anachelewa. Njo maana alichelewa hata mutumbwi ya kukimbia vita." Akisema hivyo, Papa Apollinaire anainama na kukaza kamba za gitaa ambazo tayari zimekazwa.

Nilikua nikimuangalia sana huyu mutu. Mvua ikianza, analima shamba ya Mama Rosalie kabla ya yake. Anamwita yaya, kama dada mukubwa, na yeye mwenyewe ndiye mukubwa. Mama Rosalie akimushukuru, anajibu, "Hapana, yaya, usinishukuru," na anaondoka haraka kama mutu aliyetukanwa. Ndani ya nyumba yake kuna amplifier kubwa, mashini ya kukuza sauti ya gitaa, nzito kama gunia mbili za mihogo, imefunikwa kitenge. Alivuka nayo ziwa. Hajaiwasha hata siku moja, na mutoto akitaka kuikalia anamufukuza. Tuliamini imekufa.

Mwaka huu kanisa lilipata gitaa ya bass, ile ya sauti nzito, ya zamani, nikapewa mimi. Jumapili baada ya misa tukarudia ule wimbo mbele ya nyumba ya Papa Apollinaire, Mama Rosalie yuko pale na wengine. Tukafika mwisho. Noti ya si, juu ya sol. Kimya. Vidole vyangu havikuvumilia: nikashuka peke yangu, sol, fa, mi, re, do.

Watoto wote wakakaa, puu! Mama Rosalie naye alikaa kwenye benchi, mikono kichwani.

"Njo vile!" akalia. "Njo vile Lévi alikuwa anamaliza! Apollinaire, ulijua. Juu ya nini ulituficha?"

Papa Apollinaire alibaki amesimama peke yake. Nikadhani amenikasirikia, nikasema, "Pardon, Papa." Akatikisa kichwa. Akaingia nyumbani kwake, akaivuta ile amplifier mpaka nje, akaitoa kitenge mbele ya Mama Rosalie. Ilikuwa nzima, inang'aa.

"Vicky, uliniuliza ungali mutoto," akasema, lakini macho yake yalikuwa kwa Mama Rosalie. "Kurudisha wimbo nyumbani ilikuwa kazi ya Lévi, na bass yake. Ile siku, mwenye mutumbwi alisema fasi imebaki moja: mutu, ao hii mashini. Lévi hakuchelewa, yaya. Alikuwa anakuja mbio pa muchanga, ananiita jina, nilikuwa namuona. Nikasema, pakia mashini, yeye atapanda mutumbwi ya nyuma. Hakukuwa mutumbwi ya nyuma."