Goti la Mwenzangu

Kazi yangu ilikuwa kusukuma na kukataa kusukumwa. Nilicheza raga ya kulipwa, mstari wa mbele, wanakowekwa wazito wasiojua kukimbia. Nilipitia timu nyingi, mpaka matambara ya jikoni kwetu, mtaa wa Turffontein, yakawa na rangi zote za jezi. Niliitwa mtu akiumia. Akipona, narudi kwenye kochi.

Safari ile aliumia goti jamaa mmoja, kipenzi cha mashabiki. Kocha akaniahidi: goti lisipopona upesi, nitasaini mkataba wa mwaka mzima. Nikamsimulia mama, ambaye ni msusi na mtu wa maombi. Alisikia neno moja tu.

"Huyo mutoto wa watu, tutamuombea."

"Mama, akipona mimi sina kazi."

"Sasa weye unataka Mungu amuache kilema juu ya kazi yako?"

Jumapili, kanisani kwetu Wakongo, akasimama akalitaja goti. La kushoto, akasisitiza, Mungu asije akakosea. Nikasema amina na wengine. Ungefanyaje? Na mwili wote huu, ningejificha nyuma ya nani?

Tangu hapo kila mtu mlangoni mwa kanisa: "Kaka, goti linaendeleaje?" Mabega yangu hakuna aliyewahi kuyaulizia. Nikawa ripota: anatembea. Anapanda ngazi. Ameanza kukimbia. Wanashangilia.

Asubuhi moja jamaa akaingia mazoezini amevaa viatu vya kuchezea. Kocha akanishika bega. Makocha wote hushika bega kwanza. Nikamwambia sharp, hamna shida. Nikaitafuta huzuni kama mtu anayejipapasa mifukoni kutafuta funguo. Haikuwepo. Nikakunja taulo, nikapanda basi.

Nyumbani mama alikuwa anamsuka mteja sebuleni.

"Amepona," nikasema.

Akaachia nywele, akapiga vigelegele. Mteja naye akapiga, bila kujua sababu. Kisha mama akanitazama, mikono ikabaki hewani.

"Na weye, papa?" Ndivyo anavyoniita tangu utotoni.

"Mimi nimemaliza pale."

Akarudi kwenye nywele, vidole polepole.

"Jumapili lazima kanisa lisikie," akasema. "Nitasema mimi?"

"Acha. Nitasema mwenyewe."

Nikasimama mbele yao, nikatoa ushuhuda: goti limepona, mwenyewe amerudi uwanjani. Walipiga makofi mpaka viti vikasogea. Uwanjani sijawahi kushangiliwa hivyo.