Kihenge Kilichojibu Haraka

Alois wa Mazwi, yule fundi wa kompyuta mwenye kibanda kando ya wauza mitumba, hakusomea kazi yake darasani. Alianza kwa kufungua redio za watu, akaingia kwenye simu, na mwisho kompyuta zikamnasa kabisa. Ukipita kwake utamkuta ameinama, koti limefungwa hadi shingoni, na ukimsalimia ataitika bila kuinua macho. Si kiburi, ndivyo alivyo. Lakini ipo kazi nyingine aliyoifanya bila malipo, kwa moyo mweupe kabisa, na hiyo ndiyo inayomtia unyonge mpaka leo.

Kazi yenyewe iliitwa Kihenge, kama kile cha kuwekea nafaka. Ilikuwa programu ya kutafutia programu nyingine: unaandika unachotaka, Kihenge kinapekua akiba yake, kinakuonyesha kilichopo, kisha kinakuwekea kwenye kompyuta yako bure. Walikitengeneza watu wa kujitolea, kila mmoja akiwa kwao, wakikutana mtandaoni tu. Alois alikuwa mmoja wao. Mwingine alikuwa Mwalimu Gaudiosa wa Mwazye, ambaye ndiye aliyemfundisha Alois kusoma na kuandika, na sasa alikuwa amestaafu.

Mwalimu hakujua kuunda programu. Yeye aliandika maelezo. Unajua, programu nyingi zina majina yasiyosema lolote. Mtu anatengeneza ya kuchora ramani, anaipa jina la paka wake. Basi Mwalimu akawa anaijaribu moja moja, halafu anaiandikia kwa Kiswahili: hii ni ya kuchora ramani ya shamba, hii ni ya kupanga vipimo vya nguo kabla hujakata kitambaa. Alifanya hivyo miaka mingi. Kisha akapewa chumba parokiani, na kompyuta kuukuu za msaada, akafungua darasa. Walikuja wakulima, mafundi cherehani, vijana waliomaliza shule. Hawakujua jina la programu hata moja, ila walijua wanachotaka. Angela, fundi cherehani, aliandika "vipimo vya nguo" akapata, na tangu siku hiyo hakukosa darasa.

Tabu ilikuwa mwendo. Kihenge kilipoulizwa kilifungua maelezo ya programu moja, kikayasoma, kikayafunga, kikaenda kwenye nyingine, kama mtu anayepita nyumba kwa nyumba kuulizia mbuzi aliyepotea. Kwenye zile kompyuta za Mwazye watu walimenya karanga wakisubiri. Mzee Valerian, mkulima aliyependa utani, alisema mashine imeteremka ziwani Kasanga kununua samaki, migebuka, waiache ipande mlima taratibu. Darasa lilicheka, Mwalimu naye akacheka. Lakini baadaye alimpigia simu Alois, akamweleza kwamba umeme ukikatika kabla ya jibu inabidi waanze upya, na wengine wameshaanza kukata tamaa.

"Nitakitengeneza, Mwalimu," Alois akasema. "Kwa ajili ya darasa lako."

Na alikusudia hivyo, asidhani mtu vinginevyo.

Dawa aliiona mapema. Badala ya Kihenge kusoma kila kitu kila kinapoulizwa, kisome mara moja tu, kitengeneze faharasa kama ile ya nyuma ya kitabu, kiiweke tayari ndani ya kompyuta. Akaiandika, akaijaribu. Jibu likaja kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Ilitosha. Angeishia hapo, darasa la Mwazye lingekuwa linaendelea hadi leo.

Lakini alikuwa ameshaonja utamu wa kasi. Aliona kwamba maelezo ndiyo yanayoinenepesha faharasa; akiyatoa na kubakiza majina, jibu linakuja kufumba na kufumbua. Akayatoa. Clemens, mwenzao wa Dodoma aliyekagua kazi za wenzake kabla hazijatoka, akamwandikia, "Na wanaotafuta kwa maelezo je?" Alois akajibu kwamba watu hutafuta kwa jina. Alisema watu, kumbe alikuwa akijifikiria mwenyewe, aliyezijua programu zile kwa majina kama anavyowajua majirani zake. Clemens hakubishana. Toleo jipya likatoka, na sifa zikamiminika kutoka kila upande. Mmoja alitania kwamba kasi hiyo inatisha, pengine Kihenge hakitafuti tena, kinabahatisha tu. Alois alimsomea mkewe utani huo, wakacheka.

Ndipo akampigia Mwalimu. Hakumuuliza kama wanapata wanachotafuta. Aliuliza mwendo.

"Kinajibu haraka mno, mwanangu," Mwalimu akasema. "Ahsante sana. Mungu akubariki."

Hakumdanganya. Kilijibu haraka kweli. Kilijibu nini, hakusema, kwa kuwa alivyolelewa yeye, aliyekuletea zawadi humwonyeshi tundu lake angali amesimama mlangoni. Tena aliamini tundu lenyewe limo kwake yeye, si kwenye zawadi.

Alois alikuja kujua mwezi wa saba, alipokwenda Mwazye kumsalimia. Upepo ulikuwa ule wa kuchoma masikio. Alimkuta Mwalimu uani akipepeta ulezi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu, fundi wetu. Umenenepa, au ni hilo koti?"

Wakaulizana habari za nyumbani, za mavuno, za mama yake Alois, moja baada ya nyingine mpaka zikaisha. Mwishowe akauliza habari za darasa. Mwalimu aliendelea kupepeta. Akasema lilikwisha tangu Kwaresima; chumba kimewekwa mahindi ya parokia. Alois alidhani ni shida ya umeme. Haikuwa umeme. Alikuwa akiandika maneno yaleyale aliyozoea, Mwalimu akaeleza, na Kihenge kinamjibu hapohapo kwamba hakuna. Akafuta miwani, akaandika upya. Hakuna. Akamwita Angela aandike yeye. Hakuna. Na maelezo yale aliyatunga kwa mkono wake mwenyewe.

"Nikajua ni uzee," akasema. "Nimesahau nilichokiandika mwenyewe. Nikaona niache kabla sijawapotosha watoto wa watu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana kwenye simu."

Alois akamweleza yote. Hakujitafutia pa kujificha. Alimwambia si kichwa chake. Maneno yake yamo ndani yote, ila yeye Alois ndiye aliyekizuia Kihenge kuyasoma, ili tu kiwe chepesi zaidi ya kilivyohitaji kuwa. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza makapi.

"Miezi yote hii nimejiona mjinga, Alois," akasema. "Siwezi kuacha kujiona hivyo leo kwa sababu umeniambia niache."

Kisha akampikia chai.

Wiki ileile Alois aliyarudisha maelezo kwenye faharasa. Hakuna aliyelalamika kwamba mwendo umepungua. Sijui hata kama yupo aliyeona. Lakini Angela alikuwa ameshahamia Tunduma na cherehani yake, zile kompyuta parokia ilikuwa imezigawa, na kila Alois alipompigia Mwalimu kumwomba aanze tena, alijibiwa kwa upole na kuulizwa habari za mama. Maelezo ya zamani yanapatikana. Programu mpya zinaingia na majina yao ya paka, bila neno la Kiswahili.

Siku hizi Alois anajaribu kuyaandika mwenyewe, wateja wakipungua. Juzi ilikuja programu ya wafugaji. Akaandika: "Hii ni ya kusimamia taarifa za mifugo." Akaisoma, akaifuta. Alijiuliza mzee Valerian angeiulizia vipi, angeanza na neno gani. Yeye mwenyewe hakuwahi kukaa kwenye darasa lile hata siku moja.