Mkamwana wa Mama Yuko Mahabusu

Kaka yangu alikutwa amefariki nyumbani kwake Nanyala, asubuhi ya siku ya mnada. Tulimzika Ihanda, kwenye shamba la marehemu baba, pembeni ya mibuni. Msiba ulikuwa haujapoa polisi walipokuja kumchukua mke wake, akapelekwa mahakamani akasomewa shtaka la mauaji. Kesi ya mauaji haina dhamana. Tangu hapo wifi yangu yuko mahabusu, na kesi yake inatajwa na kuahirishwa, inatajwa na kuahirishwa, kwa sababu upelelezi haujakamilika.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Nimeyaandika yote hapa mwanzoni kwa sababu hayajai kiganja, na kwa sababu wapo watu wengi wanaojua zaidi yangu.

Mimi nauza mchele Tunduma. Mchele wangu mwingi unatoka Kamsamba, na wateja wangu ni wenyeji pamoja na akina mama wanaovuka kutoka upande wa Zambia, wale wanaoniita "mayo", yaani mama, na kubishana bei kwa lugha tatu. Sokoni watu hawakujua kwamba msiba ule ni wetu. Nilifunga kibanda siku za mazishi, nikarudi na kitenge cheusi, wakanipa pole, basi. Kwa hiyo habari za kaka yangu zilikuwa zinanifikia kama zinavyomfikia mtu yeyote, mara kwenye simu, mara kwenye foleni ya maji, mara mteja akisubiri mizani itulie.

Siku moja alikuja mwanamke ambaye sikuwahi kumwuzia. Alichota punje chache, akawa anazichambua kiganjani huku akinisimulia kifo cha ndugu yangu. Yeye alikuwa amesikia kwa jirani, na jirani amesikia sauti iliyotumwa kwenye kundi la simu. Katika habari yake, kaka alikuwa na lori linalokwenda Lusaka, na mke wa pili Nakonde, na ugomvi ulikuwa wa hilo lori. Kaka yangu alikuwa fundi pikipiki pembeni ya barabara kuu. Lori hakuwahi kuwa nalo, na hata la watu alikuwa anaogopa kulipanda, anasema lina kimo cha kuangukia.

Nikawa nampimia tu. Kisha akafika kwa mama.

"Lakini wa kuogopwa ni yule mama mtu," akasema. "Anampelekea chakula mwanamke aliyemwulia mwanawe. Wewe ungepeleka, kama hakuna siri kati yenu?"

Nilifunga mfuko, nikamkabidhi. "Yule mama ni mama yangu," nikamwambia. "Marehemu ni kaka yangu, tumefuatana."

Hakukimbia, ingawa nilidhani atakimbia. Aliweka mfuko chini, akakaa juu ya gunia langu. Mteja mwingine alikuja, akahudumiwa, akaondoka, yeye bado amekaa. Halafu akaniuliza taratibu, "Alikuwa mtu wa namna gani, dada?"

Tangu msiba hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Wote walikuwa wananiuliza alikufaje. Nikajikuta namweleza mgeni yule kwamba kaka alipiga mluzi wa nyimbo za kanisani huku amelala chini ya pikipiki ya mtu, na mluzi ulikuwa unapotea kila alipofika kwenye ubeti wa pili kwa sababu hakuwahi kuujua. Kwamba mimi aliniita bosi tangu tukiwa wadogo, eti kwa jinsi nilivyokuwa nagawa viazi. Kwamba nilikuwa bado naishika simu kumpigia bei ya mpunga ikipanda. Mwanamke yule alisikiliza yote. Alipoondoka alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Siku hizi ni mteja wangu, na akisikia habari mpya juu yetu huwa haniletei.

Ni kweli mama alikuwa anapeleka chakula. Alianza mapema, kabla hata sisi watoto wake hatujatulia. Aliamka, akachuma mboga za maboga, akasonga ugali, akakaanga maharage, akafunga kwenye kitambaa, akapanda gari la Vwawa, alikowekwa wifi, peke yake. Hakumuaga mtu. Tulijua alikokwenda aliporudi na vyombo vitupu.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, aliita kikao cha ukoo. Simlaumu, alikuwa na uchungu, na kila alipopita kilabuni alikuwa anaulizwa maswali. Alisema ukoo unachekwa. Wengine wanasema shemeji yake amerogwa na watu wa Ileje alikotoka mkamwana, wengine wanasema anapeleka chakula ili siku moja atie sumu alipize kisasi, na wengine ndiyo hao wanaosema walipanga pamoja. Alitaka mama aache, na wale wajukuu wawili, mabinti wa kaka, wapelekwe kwa watu wa mama yao huko milimani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, mikono imekunjwa mapajani. Kisha akamwambia kwa Kinyiha maneno machache ambayo kwa Kiswahili ni kama hivi: "Shemeji, watoto wanakula kwangu, na mama yao anakula kwangu. Ukitaka kuniondolea mmoja, niambie kwanza nimpunguzie nani." Kikao kikaishia kwenye chai.

Mabinti wenyewe, mkubwa yuko darasa la tano na mdogo la pili. Walihamia Ihanda kwa bibi yao na kuanza shule mpya. Mdogo alikuwa na kikohozi kisichoisha, na mkubwa alikuwa haongei. Nilikuwa nakwenda kila nilipoweza kumwachia mtu kibanda, na nilikuwepo siku mkubwa alipoongea.

Ilikuwa msimu wa kahawa. Tulikuwa tumezunguka kichanja, tunatoa punje mbovu kwenye kahawa inayokauka, jua kali, bila maneno. Binti akasema bila kuinua macho, "Bibi, shuleni wanasema mama ndiye alimuua baba. Ni kweli?"

Mimi mikono ilisimama. Mama aliendelea kuchambua.

"Sijui, mjukuu wangu," akasema. "Mimi sikuwepo. Na hao wa shuleni hawakuwepo. Hakimu naye hakuwepo, ndiyo maana kazi yake ni kusikiliza watu mpaka mwisho. Siku akimaliza kusikiliza, atasema, na mimi sitakuficha atakachosema."

"Na wewe unafikiri nini?"

"Nafikiri vingi. Lakini ninavyovijua ni vichache, na ndivyo nitakavyokupa. Najua mama yako alikulaza kifuani ulipozaliwa njiti, msimu wote ule wa mvua, hakukuweka chini. Najua baba yako alikuwa akirudi kazini anaosha mikono kwa sabuni ya unga ndipo akubebe. Hivyo niliviona kwa macho yangu. Mtu akikuambia vingine, mwulize, ulikuwepo?"

Binti alisogea akamwegemea bibi yake, wakawa wanachambua hivyo hivyo, mama akitumia mkono mmoja. Sikumbuki kama nililia. Nakumbuka kahawa ya upande wangu siku hiyo haikuchambuliwa vizuri.

Mama alinitaka niende naye mahabusu, kwa sababu miguu ilikuwa inamsumbua na chakula kilikuwa kizito. Sikutaka. Sikujua nitamtazama vipi wifi yangu. Tuliishi vizuri naye. Alipoolewa alikuwa hajui neno la Kinyiha, na mama alimfundisha shambani, neno kwa neno, mpaka akawa anatutania kwa lugha yetu kuliko sisi wenyewe. Nikiwaza kwamba alifanya, moyo ulikuwa unakuwa jiwe. Nikiwaza kwamba hakufanya na yuko kule ndani, jiwe lilikuwa linavunjika. Sikuwa na mahali pa kuusimamisha moyo. Lakini mama hakuwa wa kupanda gari na mzigo ule peke yake, nikaenda.

Pale getini utaratibu ni kwamba aliyeleta chakula anakionja kwanza. Askari alikuwa binti mpole, akamwambia mama, "Onja, mama." Mama akamega ugali, akachovya maharage, akala. Akamega mboga, akala. Akakata kipande cha parachichi, akala, akafuta mdomo kwa kanga. Watu kwenye foleni walikuwa wamemtambua. Nilisikia mnong'ono ukipita kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Mama alikuwa anatafuna bila haraka kama yuko jikoni kwake.

Wifi alitoka amekonda. Tulikuwa na wavu katikati. Aliponiona mimi alirudi hatua nyuma, halafu akapiga goti akaamkia, kwanza mama, kisha mimi, kama siku zote.

Mama akamwuliza kama amekula jana. Akamwambia kikohozi cha mdogo kimepungua, amepewa dawa zahanati. Mkubwa ameanza kuongea. Mbuzi amezaa. Wifi alikuwa anaitikia kila kitu kwa kichwa, machozi yanamtoka bila sauti. Kisha akashika wavu.

"Mama," akasema, "usiku ule mimi..."

"Hayo mpelekee hakimu," mama akamkata, kwa sauti ya chini kabisa. "Mimi niambie, blanketi ulipata?"

Wifi aliuachia wavu. "Nilipata, mama."

"Linatosha?"

"Linatosha."

Muda ulikwisha. Wifi akanigeukia, akasema tu, "Wifi, asante kwa kuja." Nikamwambia ale chakula kabla hakijapoa. Hilo nililisema kwa moyo wote.

Tulikaa kituoni tukisubiri gari, mama amenyoosha miguu juani. Nilikuwa nimekasirika, nikamwuliza kwa nini alimkatiza. Labda alikuwa anataka kusema ukweli. Mji mzima unausaka ukweli huo, na sisi wenye maiti tunauziba mdomo.

Mama akaniambia, "Mwanangu, akiniambia hakufanya, nitarudi nyumbani nianze kumtafuta aliyefanya. Kila jirani nitamtazama usoni. Akiniambia alifanya, kesho sitaweza kuwasha moto kumpikia. Na wale watoto wataniuliza, bibi, leo mama amekula? Nitawajibu nini? Ngoja mahakama ifanye ya mahakama. Mimi nimepoteza mtoto mmoja. Wa pili sijaambiwa na mtu kwamba nimpoteze."

Gari lilikuja, nikampandisha. Njia nzima alilala begani kwangu, mdomo wazi, na nilimfunika kanga vumbi lisimwingie.

Baadaye alikuja yule bibi mwingine, mama yake wifi, kutoka Ileje. Tangu mazishi alikuwa hajathubutu kukanyaga. Nilikuwa Ihanda siku hiyo, nikamwona amesimama kwenye kona ya uzio na kikapu cha ndizi kichwani, haingii, haondoki. Nilimwita mama. Mama alitoka akifuta mikono, akaenda hadi pale, na wakasalimiana. Walisalimiana kwa muda mrefu sana, wakiulizana mvua, mifugo, miguu, majirani waliokufa na wanaoumwa, kama watu wanaoogopa salamu zisije zikaisha. Na kweli zikaisha. Mama akakitwaa kile kikapu kichwani kwa mgeni, akakishusha chini, akamwambia, "Karibu ndani, mwenzangu. Watoto watatoka shule sasa hivi."

Alikuja kulala usiku mmoja, akakaa mpaka mavuno ya mahindi yalipokwisha, na bado yupo. Wanagombana. Mmoja anataka maharage yaungwe kwa karanga, mwingine anasema huko ni kuyaharibu. Mmoja anasali kwa sauti, mwingine anasema Mungu si kiziwi. Sokoni niliwahi kutumiwa sauti ya mtu nisiyemjua, ikieleza kwamba bibi hao wawili wanakaa nyumba moja ili kupanga ushahidi. Niliisikiliza mpaka mwisho, nikaifuta, nikaendelea kufungua magunia.

Kesi itatajwa tena mwezi ujao. Wengine mjini wameshaichoka na wamehamia kwenye habari nyingine. Sisi hatujajua. Nimeshaacha kutegemea kwamba kujua kutanirudishia kitu, ingawa siku ya hukumu nitakuwepo, nimeshika mkono wa mama, na sitajua mpaka siku hiyo nitauombea upande upi.

Mara ya mwisho walikwenda mahabusu wao wawili, na mimi nikabaki na mabinti. Mkubwa alisema anataka kupika wali mwenyewe, bila shangazi kusaidia, kwa mchele niliowaletea. Aliuacha ukaungua. Bibi walirudi jioni wamechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi, wakakaribishwa mezani kwa heshima zote. Bibi wa Ileje alionja, akamtazama mama. Mama naye akamtazama. Wakaomba waongezewe, na wakala mpaka ukoko.