Asiranse Yangu ya Miaka Kumi

Muchekee mbali. Mimi, mwenye kujijengea nyumba Bagira na shule ya miaka mbili tu, nililipa asiranse, ile bima ya maisha, miaka kumi. Juma lililopita ikamalizika. Nikavaa abakosi mupya, suti yangu ya heshima, nikamwita baba ya binti ambaye kijana wangu anataka kuoa: «Twende ku biro ya asiranse, papa. Ngombe za mahari zinatoka leo.»

Maman wa biro akasoma karatasi yangu. «Citoyen, hii iko ya muda tu. Kama ungekufa mu ile miaka kumi, bibi yako angelipwa. Ile ya kulipa hata mutu akiwa hai uliikataa, ulisema iko bei kali.»

Sikuelewa. «Sasa kosa yangu iko nini?»

«Haukukufa, papa.»

Muzee mwenzangu, baba ya binti, akanigeukia. «Kumbe ngombe zangu zilikuwa zinangojea kaburi yako?»